Mtaro wa Kina Kimoja

Mvua ya mtaa ule haina adabu. Haibishi hodi. Siku moja ilianza kunyesha wakati mama mmoja amekaa nje ananyanyua kikombe chake cha chai. Alikunywa, akakishusha, akakuta kikombe kimejaa kuliko mwanzo. Bata wa jirani walitoka nje, wakatazama, wakarudi ndani. Mkisema natia chumvi, waulizeni bata.

Katika mtaa huo aliishi mwoka mikate mmoja. Watu walimwita Bwana Chachu, kwa sababu mikate yake iliumuka vizuri. Na yeye mwenyewe aliumuka vizuri, hasa tumboni. Mke wake ndiye aliyeuza mikate hiyo dirishani. Alikuwa mwepesi wa hesabu na mwepesi wa maneno. Ukimpa noti mbovu, alikurudishia noti yako pamoja na maneno mawili ya kwenda nayo nyumbani.

Nyumba yao ilikuwa mbele, karibu na barabara. Banda la mikate lilikuwa nyuma ya nyumba. Kutoka bandani kwenda barabarani ulipita kwenye uchochoro. Upande mmoja wa uchochoro kulikuwa na nyumba. Upande wa pili kulikuwa na ukuta wa jirani.

Ndani ya banda kulikuwa na tanuri la matofali. Tanuri hilo ndilo lililolipa ada za shule. Ndilo lililonunua viatu, sabuni na dawa. Likiwaka, nyumba nzima inakula. Likizimika, nyumba nzima inatazamana.

Bwana Chachu alikuwa na kijiti chake cha kazi. Kilikuwa na urefu wa shubiri moja. Kila alfajiri alikanda unga, akauweka kwenye beseni, akasimamisha kijiti pembeni. Unga ulipoumuka mpaka ncha ya kijiti, alijua sasa ni wakati wa kukata mikate.

"Kijiti hiki hakijawahi kunidanganya," alipenda kusema.

Shida yake ilikuwa moja: maji. Kila mvua iliponyesha, maji yalikusanyika mbele ya banda. Yalisimama mlangoni kama wateja, kisha yakaingia bila kununua kitu. Mara ya mwisho yalilowesha magunia ya unga na kufika chini ya tanuri. Ufa ukatokea.

Fundi mwashi aliitwa. Alipiga magoti, akaingiza kidole kwenye ufa, akatikisa kichwa.

"Nitaziba," alisema. "Lakini likilowa tena namna hii, sakafu ya tanuri itakatika. Ikikatika, hakuna kuziba. Ni kubomoa na kujenga upya."

"Basi nachimba mtaro," Bwana Chachu akasema. "Maji yatatoka hapa mlangoni, yatapita uchochoroni, yatamwagika kwenye mtaro wa barabara."

Na kweli alichimba. Alichimba kwa jembe na koleo mpaka shati likamganda mgongoni. Kila baada ya hatua moja alichukua kijiti chake, akapima kina. Pakizidi, alirudisha udongo. Pakipungua, alichimba. Alipofika barabarani, mtaro wote ulikuwa na kina cha shubiri moja. Hapakuwa na mahali palipozidi hata upana wa ukucha.

"Njoo uone kazi!" alimwita mkewe. "Sawasawa kama mikate kwenye bati. Kesho fundi anaweka saruji."

Mkewe aliinama, akatazama.

"Mtaro umependeza," alisema. "Lakini kabla hatujaumwagia saruji, tuumwagie maji."

"Huniamini?"

"Wewe nakuamini, baba watoto. Maji ndiyo siyaamini."

Akaleta ndoo, akaimimina mbele ya banda. Maji yalitiririka hatua chache uchochoroni. Yakapunguza mwendo. Yakasimama, kama mtu aliyekumbuka kwamba amesahau ufunguo. Kisha yakageuka, yakarudi mlangoni.

Fundi mwashi alikuwepo, amekuja kuona mahali pa kuweka saruji. Akavuta pumzi ndefu, zile pumzi za mafundi ambazo huanza kukutoza kabla hujaambiwa bei.

"Nilikuwa naogopa hilo," alisema. "Barabara iko juu. Waliijaza kifusi walipoitengeneza. Banda lako liko shimoni, Bwana Chachu. Hakuna mtaro utakaopandisha maji. Dawa ni kubomoa tanuri, tuinue sakafu, tujenge tena."

"Nani amepima?" mke akauliza.

"Macho yangu, mama. Nimejenga miaka mingi."

"Macho hayo hayo ndiyo yaliyosema dirisha langu la jikoni limenyooka? Mpaka leo ukilifungua linajifunga lenyewe."

"Mama, lile ni upepo..."

"Subiri," mke akasema. "Hakuna kuvunja tofali hata moja. Nampigia mdogo wangu."

*

Mdogo wake alikuwa mpima ardhi. Alifanya kazi na wajenzi wa barabara na mabomba. Alifika siku ya mapumziko yake asubuhi. Begani alibeba kifaa chenye miguu mitatu, mkononi fimbo ndefu iliyochorwa namba. Nyuma yake alikuja mama yao, yaani mama mkwe wa Bwana Chachu, na kikapu cha maharage.

"Shikamoo, mama," Bwana Chachu alisema, akiinama.

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda?"

Bwana Chachu hakuwa amekonda. Lakini mama mkwe akisema umekonda, umekonda.

Mpima ardhi alikwenda moja kwa moja kwenye mtaro.

"Shemeji," alisema, "hapa umechimba mtaro au kitanda cha nyoka?"

"Cheka tu, shemeji. Pima popote unapotaka. Mtaro una kina kimoja mwanzo mpaka mwisho."

"Umepima na nini?"

Bwana Chachu akatoa kijiti mfukoni. Mpima ardhi akakigeuza geuza, akatabasamu.

"Kijiti chako ni kizuri, lakini umekipa kazi isiyo yake. Kwenye unga unakisimamisha wapi?"

"Kwenye kitako cha beseni."

"Na kitako cha beseni kikoje?"

"Bapa. Kimelala sawa."

"Na ardhi ya uchochoro imelala sawa?"

Bwana Chachu akatazama ukuta wa jirani, kisha ardhi. "Naona imelala. Tena naona inashuka kidogo kwenda barabarani."

"Unaona hivyo kwa sababu ukuta wa jirani umejengwa kwa kufuata ardhi. Ardhi ikipanda, ukuta nao unapanda. Ukiweka vyote viwili pamoja, jicho linadhani hakuna kilichopanda. Sasa sikiliza. Ulichopima wewe ni kina. Kina kinaanzia juu ya ardhi kwenda chini. Ardhi ikiwa na kigongo, na wewe ukachimba shubiri moja kila mahali, kitako cha mtaro nacho kinapata kigongo. Maji hayana habari na kina. Maji yanafuata kimo."

"Kimo ndiyo nini hicho?" mke akauliza. Alikuwa ameshika chaki, tayari.

"Ni jinsi mahali palivyo juu, dada, ukipima kutoka usawa mmoja tu. Si kila mahali na usawa wake. Wote tunaanza kuhesabu kutoka sehemu moja. Hapo ndipo utajua nani yuko juu na nani yuko chini."

Akasimamisha kifaa chake nyuma ya nyumba, kati ya banda na uchochoro. Juu ya miguu mitatu kulikuwa na darubini fupi. Akazungusha visukurubu vidogo, akitazama kiputo cha hewa ndani ya kioo mpaka kikatulia katikati.

"Sasa darubini imelala sawa," alisema. "Mstari unaotoka kwenye jicho langu kupitia humu unaitwa mstari wa mlalo. Haupandi, haushuki. Fikirini ni dari isiyoonekana, imetandazwa juu ya uwanja wote."

"Na hiyo fimbo?" fundi mwashi akauliza. Alikuwa amekunja mikono, lakini shingo ilikuwa imerefuka.

"Fimbo inasimama chini, inatuambia dari iko mbali kiasi gani. Lakini lazima isimame wima. Fundi, una timazi?"

"Fundi gani hana timazi?" Akatoa kwenye mfuko wake kamba yenye kipande cha chuma mwishoni. Akaishika juu, chuma kikaning'inia.

"Kamba hiyo ndiyo wima," mpima ardhi alisema. "Inaelekea chini kabisa, haiegemei popote. Shemeji, shika fimbo iwe sambamba na hiyo kamba. Ukiinamisha, namba itaongezeka, na tutadanganyana."

"Ngoja kwanza," mke akasema. "Fimbo ikiwa mahali pa chini, utasoma namba kubwa au ndogo?"

Kabla mpima ardhi hajajibu, mama mkwe akadakia:

"Kubwa. Si umesema kuna dari? Mtoto mfupi akisimama chini ya dari, anaacha nafasi kubwa kichwani. Mrefu anaacha nafasi ndogo."

"Mama, wewe ungefaa kazi yangu!"

"Nimelea watoto saba chini ya dari moja. Hiyo nayo ni kazi ya kupima."

*

Kazi ikaanza.

"Kwanza tunahitaji alama ya msingi," mpima ardhi alisema. "Ni mahali pagumu, pasipohama, ambapo tutaanzia na ambapo tutarudi. Isiwe ndoo. Isiwe gunia. Isiwe mbuzi."

"Nani anapimia juu ya mbuzi?"

"Shemeji, nimeona mengi. Tutatumia kizingiti cha banda. Ni zege, hakiendi popote. Na maji yakivuka kizingiti ndiyo yanafika kwenye tanuri. Kimo chake tunakiita mita kumi."

Bwana Chachu akatazama miguu yake. "Mita kumi? Kwani tuko ghorofani?"

"Ni namba ya kuanzia tu. Ningeweza kusema mia. Kazi kubwa ya serikali huanza kuhesabu kutoka usawa wa bahari. Sisi tuna uchochoro mmoja, kumi inatutosha."

Bwana Chachu akasimamisha fimbo juu ya kizingiti. Mpima ardhi akachungulia.

"Mita moja na sentimeta arobaini. Andika, dada. Huu ni usomaji wa nyuma. Maana yake, tumesoma mahali ambapo kimo chake tunakijua. Kumi ukijumlisha moja na arobaini?"

"Kumi na moja na sentimeta arobaini," mke alijibu, akiandika kwa chaki kwenye mlango wa bati.

"Hicho ndicho kimo cha dari yetu. Sasa tunataka kufika barabarani, lakini kutoka hapa siioni, kona ya nyumba imeziba. Kwa hiyo tunahitaji kituo cha kuhamia. Shemeji, peleka fimbo kwenye ngazi za mlango wa jikoni, ngazi ya juu kabisa."

Mlango wa jikoni ulikuwa ubavuni mwa nyumba, katikati ya uchochoro. Ngazi zake tatu za saruji zilionekana kutoka nyuma, na zilionekana pia kutoka mbele. Bwana Chachu akaweka fimbo juu kabisa.

"Sentimeta sabini. Huu ni usomaji wa mbele, kwa sababu tunatafuta kimo tusichokijua. Dada, kwenye kimo cha dari toa sabini."

"Kumi na sentimeta sabini."

"Basi ngazi ya juu ina kimo cha mita kumi na sentimeta sabini. Shemeji, sasa nisikilize vizuri. Mimi nahamisha darubini kwenda mbele. Darubini inahama, fimbo haihami. Ngazi hiyo ndiyo inayobeba hesabu yetu kutoka upande huu kwenda upande ule. Umeelewa?"

"Nimeelewa, shemeji. Mimi ni nguzo."

Mpima ardhi akabeba kifaa chake kwenda mbele. Nguzo ikabaki imesimama.

Lakini hapo hapo sauti ikaita kutoka getini: "Wenye mkate! Mna mkate au mmelala?"

Mwoka mikate anaweza kuvumilia moto, moshi na mvua. Hawezi kuvumilia mteja anayeondoka. Bwana Chachu akaegemeza fimbo ukutani, akakimbia kuchukua mikate, akauza, akarudi mbio.

Akakuta mama mkwe ameketi kwenye ngazi ya juu kabisa. Amejinyoosha vizuri, kikapu mapajani, anachambua maharage.

Bwana Chachu akasimama na fimbo yake. Utamwambiaje mama mkwe ainuke? Amesafiri, amechoka, amekaa. Kumwambia "sogea kidogo, mama" kulimshinda. Akatazama ngazi ya chini. Nayo ni saruji, akajisemea. Nayo ni ngazi hiyo hiyo. Akaweka fimbo pale chini, wima kabisa kama timazi.

"Tayari?" mpima ardhi alipaza sauti kutoka mbele.

"Tayari!"

Ukichungulia ndani ya darubini, huoni uwanja wote. Unaona kipande kidogo tu cha fimbo na namba zake. Huoni miguu ya fimbo, na humwoni mama mkwe na maharage yake.

"Sentimeta tisini!" mpima ardhi alisoma. "Haya, njoo na fimbo barabarani. Iweke chini kabisa, kwenye kitako cha mtaro wa barabara."

Bwana Chachu akashuka mtaroni, akasimamisha fimbo.

"Mita moja na arobaini na tano. Dada, tupe jibu."

Mke alikuwa amesogea na kipande cha ubao. Akachukua mita kumi na sentimeta sabini, akajumlisha sentimeta tisini. Akatoa moja na arobaini na tano. Akarudia.

"Kumi na sentimeta kumi na tano," alisema taratibu.

"Kizingiti ni kumi," fundi mwashi alisema. "Basi barabara iko juu kwa sentimeta kumi na tano. Si nilisema?"

Hakusema kwa ubaya. Lakini nyundo yake ilikuwa mkononi tayari.

Bwana Chachu alirudi bandani, akaweka kiganja kwenye ubavu wa tanuri. Lilikuwa bado na joto la asubuhi. Alilijenga akiwa kijana, tofali kwa tofali. Mkewe akaketi juu ya gunia la unga.

"Tutakula nini mpaka lijengwe jingine?" aliuliza. Hakuwa anamuuliza mtu.

"Jamani," mpima ardhi akasema kutoka mlangoni, "mbona mnaomboleza kabla ya wakati? Kazi haijaisha. Hatujafunga."

"Kufunga nini tena?"

"Kufunga hesabu. Kipimo hakiaminiwi mpaka urudi pale ulipoanzia. Tunatoka barabarani, tunapita kwenye ngazi, tunarudi kwenye kizingiti. Kizingiti kilikuwa mita kumi tulipoanza. Tukirudi lazima tukikute mita kumi, au karibu sana na hapo. Tukikikuta vingine, kuna mahali tumeteleza."

Bwana Chachu akachukua fimbo kwa mikono mizito. Akasimama barabarani. Akaja kwenye ngazi. Safari hii mama mkwe alikuwa ameshaingia jikoni kubandika maharage, na ngazi ya juu ilikuwa wazi. Akaweka fimbo pale juu, kama alivyoambiwa. Darubini ikahamia nyuma ya nyumba, na yeye hakuondoka pale mpaka namba ikasomwa tena. Mwisho akaenda kwenye kizingiti.

Mke akaandika, akajumlisha, akatoa. Akakunja uso.

"Kizingiti kimekuwa mita kumi na sentimeta arobaini."

Mpima ardhi akaweka mikono kiunoni.

"Shemeji, unatia chachu hata kwenye zege? Kizingiti kimeumuka sentimeta arobaini!"

"Sasa maana yake nini?" mke akasimama kutoka kwenye gunia.

"Maana yake kipimo cha kwanza ni cha uongo, dada. Na mimi sijui bado barabara iko juu au iko chini. Kuna kitu kilihama." Akazitazama ngazi za jikoni. "Fundi, hebu pima ngazi moja ya mlango wa jikoni ina urefu gani."

Fundi mwashi akachomoa futi yake, akapima.

"Sentimeta ishirini."

"Kutoka ngazi ya chini mpaka ya juu unapanda mara mbili. Ishirini na ishirini?"

"Arobaini," wakasema wote.

Wakamgeukia Bwana Chachu. Jasho likamtoka, na halikuwa la tanuri.

"Shemeji," mpima ardhi aliuliza kwa sauti laini, "mara ya kwanza fimbo uliiweka ngazi ipi?"

"Mama alikuwa amekaa," akajibu, macho chini. "Nikaona... si vizuri kumwinua. Nikaiweka ya chini."

Dirisha la jikoni likafunguka. Mama mkwe akatoa kichwa. Dirisha likataka kujifunga, akalizuia kwa mwiko.

"Nimesikia! Tanuri livunjwe kwa sababu mimi nimekaa? Mwanangu, heshima nipe kwenye salamu. Kwenye kazi niambie, mama sogea!"

"Samahani, mama."

"Usiniombe samahani. Sema, nikusikie."

"Mama... sogea."

"Umeona? Hujafa!"

Mpima ardhi alicheka mpaka akashika miguu ya darubini isianguke. Kisha akayapangusa macho yake kwa kiganja, akarudi kazini. Wakaanza upya kwenye kizingiti. Safari hii Bwana Chachu aliposhika ngazi ya juu, hata mteja aliyeita getini aliambiwa asubiri.

Darubini ilisimama mbele mahali pale pale, kwenye alama zile zile za miguu yake. Namba ya ngazi ya juu ilisomeka sentimeta hamsini. Ya mtaro wa barabara ilikuwa ile ile, moja na arobaini na tano. Mke akaandika polepole. Kumi na sabini, jumlisha hamsini, kumi na moja na ishirini. Toa moja na arobaini na tano.

"Tisa na sentimeta sabini na tano!"

"Usishangilie bado," mdogo wake alisema. "Tufunge."

Wakarudi. Kizingiti kikasema mita kumi kamili.

Hapo mke akarusha chaki hewani. Nasikia mpaka leo haijashuka.

"Barabara iko chini?" Bwana Chachu akauliza, kama mtu anayeogopa kuamka usingizini.

"Mtaro wake uko chini ya kizingiti chako kwa sentimeta ishirini na tano, shemeji. Tanuri lako libaki hapo hapo lilipo."

Bwana Chachu akakaa chini kwenye udongo. Moyo ulimtua kifuani kwa kishindo, bata wakageuka kutazama. Fundi mwashi akarudisha nyundo mfukoni.

"Afadhali," alisema, na alimaanisha. "Hata mimi mkate wako naupenda. Lakini kama barabara iko chini, maji yalirudi kwa nini?"

"Swali zuri. Shemeji, simama. Weka fimbo chini hapo uchochoroni, mbele ya ngazi."

Wakapima. Ardhi ya pale katikati ilikuwa mita kumi na sentimeta kumi, juu kuliko kizingiti chenyewe.

"Kigongo ndicho hiki," mpima ardhi alisema. "Kijiti kilichimba shubiri moja mlangoni, shubiri moja kigongoni, shubiri moja barabarani. Kitako cha mtaro kikapanda mlima pamoja na ardhi. Maji yakafika mlimani, yakakataa."

"Dawa?"

"Mteremko. Maana yake kitako cha mtaro kishuke kidogo kidogo, bila kupanda popote. Hapa mlangoni kitako kiwe chini ya kizingiti kwa sentimeta kumi na tano. Kule barabarani kitakuwa chini kwa ishirini na tano. Katikati kiwe kwa ishirini. Kinashuka tu."

"Kwa hiyo hapa mlangoni nimechimba sana!"

"Ndiyo, rudisha udongo, uushindilie. Na kwenye kigongo chimba zaidi, karibu shubiri moja na nusu."

Bwana Chachu akakunja uso kwa uchungu wa kweli. "Yaani mtaro utakuwa na kina hiki huku, na kina kile kule? Utakuwa mbaya kutazama, shemeji."

"Juu utaonekana hauko sawa. Chini, yanapopita maji, utakuwa umenyooka. Wewe unamchimbia nani? Wapita njia au maji?"

Wakapigilia vigingi. Wakafunga kamba kutoka kigingi hadi kigingi, ikishuka kama mteremko waliotaka. Sasa Bwana Chachu alipima kutoka kwenye kamba kwenda chini. Ardhi ilipopanda hakujali, na iliposhuka hakujali. Kamba ndiyo iliyosema. Fundi mwashi alivua shati akasaidia kuchimba kigongo, na hakuvuta zile pumzi zake hata mara moja.

Mke akaleta ndoo, akaimimina mbele ya banda.

Maji yakaondoka. Yalipofika kwenye ngazi za jikoni, wote waliinama kutazama. Mama mkwe alishika mwiko juu juu. Maji hayakusimama. Yalipita kigongo kama mtu anayewahi kazini, yakamwagika kwenye mtaro wa barabara.

"Basi," mama mkwe akasema, akashusha mwiko. "Sasa tuleni."

Saruji ikawekwa. Ikakauka. Majirani walikuja kutazama, na wawili kati yao waliomba waoneshwe namna ya kupima, kwa sababu nao walikuwa na mitaro inayorudisha maji. Bwana Chachu aliwaeleza kwa sauti ya mtaalamu: chagua alama isiyohama, kisha funga hesabu yako. Na kama mama mkwe amekaa kwenye kituo chako, mwambie.

Mvua kubwa ilikuja mchana mmoja, wakati Bwana Chachu amelala. Waoka mikate hulala mchana, kwa sababu huamka wakati wengine wanageuka upande wa pili. Ilinyesha kwa hasira. Ilipiga mabati mpaka watu wakawa wanaongea kwa ishara. Mke alikimbia bandani bila viatu, akitarajia kukuta ziwa lenye mawimbi.

Sakafu ilikuwa kavu. Magunia yalikuwa makavu. Ndani ya tanuri makaa yalikuwa mekundu. Nje ya kizingiti, maji yaliingia mtaroni yakisukumana, yakapinda kwenda uchochoroni, yakapotea.

Akarudi chumbani akicheka peke yake, akamtikisa mumewe begani.

"Baba watoto! Mvua!"

Bwana Chachu akafungua jicho moja.

"Maji yanakwenda wapi?"

"Barabarani. Yote."

"Yasalimie," alisema, akavuta shuka, akalala tena.